Kutia Mafuta ya Mnyororo Bila Kuyamwaga

Vikundi vingi tunavyotembelea siku hizi vina msumeno wa injini, ule ambao kila mtu kijijini anauita pawasoo. Kikundi kinaununua kwa pesa za mchango, kisha kinaukodisha kwa majirani walio na migrevilea na mikaratusi ya kukata mashambani mwao. Mapato yanaingia kwa mweka hazina. Ni mradi mzuri. Lakini katika kikundi kimoja tulikuta ugomvi ambao nusura uvunje kikundi chenyewe, na chanzo chake kilikuwa jerikani moja ya lita 5.

Mweka hazina alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Tangi la mafuta ya mnyororo katika pawasoo yao linachukua robo lita. Lita 5 ukigawa kwa robo ni mara 20. Lakini kila jerikani ilikuwa inaisha kabla ya mara ya 17. Basi yule kijana mwendeshaji akaambiwa anauza mafuta kwa wenye bodaboda, na akakatwa pesa katika malipo yake ya miezi miwili. Kijana naye akaapa kwamba hataushika tena huo msumeno.

Tulipofika tuliomba jambo moja tu. Tulimwambia kijana ajaze tangi kama anavyofanya siku zote, ila chini ya msumeno tuliweka beseni safi. Alipomaliza, Mama Mweka Hazina mwenyewe akachukua kijiko cha mezani akapima yaliyoanguka ndani ya beseni. Vijiko vinne. Kijiko kimoja ni kama mililita 15, kwa hivyo vinne ni mililita 60. Maana yake kila mara mafuta yaliyotoka kwenye jerikani hayakuwa mililita 250, yalikuwa 310. Gawa lita 5 kwa hizo 310, utapata mara 16. Karibu lita nzima ilikuwa inanywewa na ardhi! Kumbe mwizi alikuwa mdomo wa jerikani.

Tueleze kwanza mafuta haya yana kazi gani. Mnyororo unakimbia kwa kasi sana kuzunguka lile bamba refu la chuma (mafundi wanaliita baa, na hatusemi ile ya pombe). Chuma kikisugua chuma bila mafuta kinapata moto, bamba linageuka rangi ya samawati, mnyororo unalegea, na pengine kukatika. Kwa hiyo injini inaendesha pampu ndogo inayosukuma mafuta kupitia tundu dogo hadi kwenye mfereji wa bamba. Mafuta haya hayarudi kwenye tangi kama oili ya gari. Yanatumika mara moja na kupotea katika unga wa mbao na udongo. Ndiyo sababu unajaza kila unapojaza petroli, wala usingoje kesho. Watengenezaji wengi wamepima matangi hayo mawili ili petroli iishe kabla kidogo ya mafuta ya mnyororo. Ukitia petroli mara mbili na mafuta mara moja, utakata kwa chuma kikavu.

Mafuta yenyewe yametengenezwa yawe mazito na ya kunata, yasirushwe na mnyororo. Huko kunata ndiko kunakotusumbua wakati wa kumimina.

Sasa tuangalie jerikani. Mtu wengi tunamwona akiishika mdomo ukiwa upande wa chini, karibu na tangi, akidhani hivyo ndivyo mafuta yatafika haraka. Yanatoka kidogo, yanasita, halafu ghafla yanaruka: glu, glu, glu! Shida ni hewa. Mafuta hayawezi kutoka ndani ya jerikani mpaka hewa iingie kuchukua nafasi yake, na mdomo ukiwa umejaa mafuta hewa inapigana kupita katikati. Geuza jerikani ili mdomo uwe upande wa juu, kisha uinamishe polepole. Mafuta yatapita nusu ya chini ya mdomo na hewa nusu ya juu, nayo yatatoka kama uzi. Jaribuni kwanza na maji nyumbani, hata watoto wataona tofauti. Hii peke yake inapunguza umwagaji.

Lakini kwa kweli hatupendekezi kumimina kutoka kwa jerikani kubwa moja kwa moja. Ni nzito, na tundu la tangi ni dogo. Njia tuliyoipenda zaidi ni chupa laini ya plastiki, ile ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au ya tomato sosi, yenye mdomo mwembamba. Ioshe, na uikaushe kabisa maana maji ndani ya mafuta huleta kutu. Ijaze nyumbani kwa utulivu. Ukifika shambani unaingiza ncha ndani ya tundu na kuiminya. Ukiacha kuminya, mafuta yanasimama. Hakuna kutetemeka mkono wala kukisia. Chupa ya nusu lita inajaza tangi la robo lita mara mbili, kwa hivyo hata hesabu inakuwa rahisi. Andika juu yake kwa rangi MAFUTA YA MNYORORO, na iwekwe mbali na jikoni. Lakini petroli isitiwe kamwe katika chupa za namna hiyo. Petroli ina mtungi wake.

Kama chupa ya namna hiyo haipatikani, kata sehemu ya juu ya chupa ya soda uifanye faneli. Hapa kuna kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya mbele ya watu. Tuliikandamiza faneli ikaziba tundu lote. Mafuta yakakaa ndani ya faneli yakitutazama, hayashuki. Tulipoichomoa kuangalia kuna nini, yote yakatumwagikia mikononi na kwenye viatu. Wanakikundi walicheka sana. Ni shida ileile ya hewa, ila safari hii ni ya tangini, nayo inataka kutoka. Weka kijiti chembamba na safi kati ya faneli na ukingo wa tundu, au uiinue kidogo kwa vidole, na mafuta yatashuka.

Vikundi vyenye uwezo vinaweza kununua mtungi wa vyumba viwili, upande mmoja lita 5 au 6 za petroli na upande mwingine lita 2.5 au 3 za mafuta. Ile yenye mdomo unaojifunga wenyewe tangi linapojaa ni nzuri sana. Bei yake haichekeshi, lakini kikundi kinachokata kila siku kinaweza kufikiria.

Kabla ya kufungua chochote, zima injini na usubiri ipoe. Petroli ikimwagika kwenye injini ya moto ni hatari kubwa, na asiwepo mwenye sigara karibu. Tafuta mahali tambarare, kisiki kilicho sawa au gunia lililotandazwa, mbali na chemchemi au mto. Lazeni msumeno ubavu, vifuniko viangalie juu. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanafungua kifuniko kabla ya kupangusa. Kifuniko kimezungukwa na unga wa mbao uliolowa mafuta, na ukifungua tu unaingia ndani. Unga huo unaziba kichujio kidogo kilicho ndani ya tangi, pampu inanyonya bure, na bamba linaungua huku tangi limejaa. Kwa hivyo kitambaa kwanza, au brashi kuukuu ya rangi, ndipo ufungue.

Asubuhi za baridi, kama kule Kinangop au Molo, mafuta huwa mazito kama uji uliolala. Usiyalazimishe. Yaweke juani wakati mnanoa mnyororo. Usiyasogeze karibu na moto, hata kama una haraka.

Acha kujaza tangi likibakisha kama upana wa kidole. Ukingoja uone mafuta mdomoni umechelewa, kwa sababu ule uzi ulio hewani bado unashuka. Mrina asali anajua: anainua chombo na kukizungusha kidogo kwa kiganja ili uzi ukatike. Fanya vivyo hivyo. Rudisha kifuniko taratibu, kikae sawa kwenye nyuzi zake, kwa maana kikiingia mshazari kitavuja siku nzima kwenye suruali yako.

Yakimwagika kidogo, unga wa mbao uko pale pale. Unyunyize, ungoje unywe, uukusanye ndani ya debe. Usiwape watu wakatandikie kuku. Kisha sogea mita 3 au zaidi kutoka mahali ulipotia petroli ndipo uwashe.

Je, utajuaje kama mafuta yanafika? Elekeza ncha ya bamba kwenye kisiki cheupe kilichokatwa sasa hivi, bila kukigusa, kama shubiri moja hivi, uongeze moto wa injini kidogo. Mstari wa matone ukitokea, mambo ni sawa. Usipotokea, zima, toa bamba, usafishe mfereji wake na lile tundu dogo kwa waya mwembamba.

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu oili chafu ya gari, kwa kuwa gereji huitoa bure. Jibu letu ni hapana. Haina ule unataji, ina vumbi la chuma linalokula pampu, na vitabu vya watengenezaji vinaonya kwamba kuigusa ngozi kwa muda mrefu kunaweza kuleta saratani. Kumbuka mafuta yote ya mnyororo yanaishia shambani. Je, hiyo ndiyo unataka chini ya sukuma yako? Mafuta ya kupikia yanaweza kuokoa kazi ya siku moja, lakini usiyaache tangini wiki nyingi, yanaganda kama gundi.

Mchanganyo wa matangi nao umeharibu misumeno. Vifuniko viwili vinafanana. Pakeni rangi nyekundu kile cha petroli. Mtu akitia mafuta ya mnyororo kwenye petroli, asiwashe kujaribu bahati. Amwage yote katika chombo, asuuze kwa petroli kidogo, ajaze upya.

Kile kikundi cha ugomvi kilianza kutumia chupa za nusu lita. Mama Mweka Hazina hutoa chupa mbili asubuhi, na jioni anazipokea. Jerikani iliyofuata ilifika mara ya 19. Mkutano ukaamua kijana arudishiwe pesa alizokatwa, kwa awamu, kwa kuwa sanduku halikuwa na kitu wakati huo.

Swali lake yeye kwetu lilikuwa lingine: mbona msumeno ukilala stoo asubuhi kuna doa la mafuta chini, na hakuna aliyeugusa? Doa dogo ni kawaida, kwa sababu mafuta yaliyobaki kwenye bamba hushuka, na tangi lililojaa likipata joto la mabati husukuma kidogo nje. Lilaze na mafuta nusu, juu ya kipande cha katoni. Lakini likiwa dimbwi, angalieni mpira wa kifuniko, kisha ule mrija wa mafuta kama umepasuka.