Kundi la WhatsApp la Kamati: Pangeni Kwanza, Fungueni Baadaye



Siku hizi kamati nyingi za kambini, kama za maji, za shule na za ulinzi wa jamii, hufanya kazi kwa kundi la WhatsApp. Ni njia nzuri. Bomba likiharibika asubuhi, fundi hupata habari mara moja. Lakini kundi lililofunguliwa bila mpango laweza kuwadhuru wale wale mnaotaka kuwasaidia. Someni maelezo haya pamoja katika kamati yenu.

HATARI IKO WAPI?

Tuseme mama mmoja amepigwa na mumewe. Anakwenda kwa kiongozi wa blok. Kiongozi, kwa nia njema, anaandika jina la mama huyo na namba ya nyumba yake katika kundi ili asaidiwe upesi. Kundi lina watu 200, na mmoja wao ni ndugu wa yule mume. Kabla ya jioni habari imefika nyumbani.

Kuufuta ujumbe hakutoshi, kwani huenda umekwisha kusomwa na kupigwa picha. WhatsApp hufunga ujumbe njiani ili mtu wa nje asiusome. Haiwezi kumzuia aliye ndani ya kundi kuutoa nje.

KABLA YA KUFUNGUA KUNDI

1. Ni la kazi gani? Andikeni sentensi moja, kwa mfano: "Kundi hili ni la kutoa taarifa za mabomba yaliyoharibika." Jambo lisilohusu kazi hiyo lipelekwe kwingine.

2. Nani aingie? WhatsApp inakubali hadi watu 1,024 katika kundi moja. Lakini kamati ya watu 15 iwe na kundi la watu 15. Mkitaka kuwatangazia wakazi wengi, fungueni kundi la pili na kulipanga ili wasimamizi peke yao waandike.

3. Nani asimamie? Wawepo wasimamizi (maadmini) wasiopungua wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume. Msimamizi akiwa mmoja tu, kisha akajitoa kwa sababu anahamia nchi ya tatu au anarejea nyumbani, programu yenyewe humchagua mwanachama yeyote kushika nafasi yake, bila kuwauliza.

4. Mlango uko wapi? Mtu yeyote anayepata kiungo cha kundi anaweza kuingia. Washeni mpango unaomtaka msimamizi amkubali kwanza kila anayeomba.

MAMBO YASIYOANDIKWA KATIKA KUNDI

- Jina la mtu aliyedhulumiwa, au jina la mgonjwa.
- Namba au picha ya kadi ya mgao.
- Picha ya mtoto.
- Habari ya mgao au ya safari ambayo ofisi haijaithibitisha.

Ukiwa na shauri la mtu, andika hivi tu: "Nina shauri la haraka, naomba mhusika wa ulinzi anipigie." Mengine mtazungumza ninyi wawili.

Kumbuka pia kwamba simu moja mara nyingi hutumiwa na nyumba nzima. Ifunge kwa namba ya siri. Ikipotea, mwarifu msimamizi siku hiyo hiyo ili namba yako iondolewe.

KUKABIDHI NA KUFUNGA

Kila baada ya miezi mitatu, kaeni na kusoma majina ya wanachama, moja baada ya jingine. Aliyeacha kazi aondolewe. Hiyo si fedheha; hata ufunguo wa stoo hurudishwa mtu anapoacha kazi.

Maamuzi ya kamati yaandikwe pia katika daftari, kwani simu huharibika. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kazi ikimalizika, wasimamizi wawaondoe wanachama wote na kulifunga kundi.

ASIYE NA SIMU ASISAHAULIWE

Tangazo lolote la kundi libandikwe pia kwenye ubao wa matangazo na kutangazwa kwa kipaza sauti. Mzee asiye na simu ana haki ya kujua siku ya mgao sawa na kijana mwenye simu. Kundi lisaidie mkutano wa blok, lisiuondoe.