RDC: Mradi bila daftari hupotea bila habari

Katika shule moja ya msingi kwenye milima ya Kivu Kusini, mwalimu mkuu ana madaftari mawili mezani. La kwanza ni la majina ya wanafunzi. La pili limeandikwa neno moja tu kwenye jalada: «Shantie». Ndani yake mna tarehe, idadi ya mifuko ya simenti iliyoshushwa, idadi ya mafundi waliofika kazini, na siku za mvua. Hakuna aliyemtuma kuandika. Anasema alianza pale bango la mradi liliposimamishwa mbele ya shule, kisha wiki tatu zikapita bila fundi hata mmoja kuonekana.

Kwa usalama wake, hatutaji jina lake, la kijiji wala la kampuni iliyopewa kazi. Wanafunzi wake wanasoma kwa zamu mbili, sehemu chini ya maturubai, wakingoja vyumba sita vilivyoahidiwa.

Nchini Congo, habari za miradi huwa nyingi siku mbili: siku ya kuweka jiwe la msingi na siku ya kukata utepe. Katikati ya siku hizo mbili ndipo pesa hutumika, na ndipo macho ya watu huwa machache.

Wilaya 145, shantie mamia kwa mamia

Mfano mkubwa wa leo ni Mpango wa maendeleo ya wilaya 145, unaojulikana kwa kifupi PDL-145T. Serikali iliukadiria kugharimu takriban dola bilioni 1,66. Lengo ni kupeleka shule, vituo vya afya, majengo ya utawala, barabara za vijijini, maji na umeme mahali ambapo raia wamezoea kuona serikali kwenye picha tu. Utekelezaji uligawanywa kwa taasisi tatu: PNUD ilipewa wilaya 54, BCECO 49, na CFEF 42.

Mpango huu una nguzo nne. Mbili za kwanza, miundombinu na uchumi wa vijijini, ndizo zinazotajwa sana kwenye hotuba. Ya tatu ni kuongeza uwezo wa viongozi wa mashinani kusimamia maendeleo. Ya nne haitajwi sana: ni mfumo wa habari wa kufuatilia kazi, ambamo kila jengo linaonyeshwa mahali lilipo kwenye ramani. Walioandika mpango walijua kwamba shantie nyingi hivyo, katika nchi yenye majimbo 26, haziwezi kufuatiliwa kwa simu kutoka Kinshasa.

Lakini ramani huonyesha tu kile ambacho mtu amekiona na kukiandika. Bila mtu huyo, alama ya kijani kwenye kompyuta inaweza kuwa jengo lisilo na paa.

Asilimia ya nini?

Swali la kwanza la kuuliza ripoti yoyote ya mradi ni hili: asilimia hiyo ni ya nini? Ni ya muda, ya pesa, au ya kazi yenyewe? Hizo ni hesabu tatu tofauti, na zikichanganywa raia hudanganyika kirahisi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Shule ya vyumba sita imekubaliwa kwa dola 120.000 na miezi 9. Baada ya miezi 6, kampuni imekwisha kulipwa dola 80.000. Ripoti inasema: «Mradi umefika asilimia 67». Kumbe hiyo ni asilimia ya pesa, na pia ya muda. Ukienda kwenye kiwanja unakuta kuta zimesimama, lakini manjanja, milango na sakafu bado. Injinia akipima kazi iliyofanyika kwa bei za mkataba, anapata dola 54.000, yaani asilimia 45.

Sasa endelea na hesabu. Kazi iliyobaki ina thamani ya dola 66.000. Pesa iliyobaki ni dola 40.000. Pengo ni dola 26.000. Nani atazitoa? Ndivyo shule nyingi zinavyobaki kuta tupu. Kwa macho ya raia mradi «ulikufa» siku mafundi walipoondoka, lakini hesabu ilikuwa imekwisha kuharibika zamani, siku malipo yalipoanza kutangulia kazi.

Ndiyo sababu mkataba mzuri hufunga malipo kwenye hatua: msingi umekwisha na kupimwa, lipa, kuta zimekwisha na kupimwa, lipa. Pesa ya kuanzia inayotolewa mapema hudaiwa dhamana, kisha hukatwa polepole kwenye malipo yanayofuata. Na sehemu ndogo ya malipo huzuiliwa hadi mwisho, ili kampuni iwe na sababu ya kurudi kurekebisha nyufa.

Vyuma vilivyofichwa

Turudi kwenye milima. Injinia wa udhibiti alikuwa akipita kwenye shule ile mara mbili kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Kati ya ziara moja na nyingine, mafundi walimwaga betoni ya mkanda unaopita juu ya madirisha. Betoni ikikauka, hakuna anayeweza kuona tena vyuma vilivyomo.

Mwalimu mkuu alikuwepo. Katika daftari lake aliandika tarehe, mifuko ya simenti, na kwamba mkanda uliwekwa vyuma viwili, wakati karatasi ya ramani iliyobandikwa kwenye kibanda cha shantie ilionyesha vinne. Fundi mmoja alimwuliza kwa mzaha: «Papa Direktere, wewe ni mwalimu ao ni polisi?» Alijibu: «Watoto wangu ndio watakaa chini ya ukuta huu.»

Injinia aliporudi, alisoma ukurasa ule, akaamuru sehemu moja ya mkanda ivunjwe. Vyuma vilikuwa viwili. Malipo ya hatua ile yalisimamishwa na mkanda ukajengwa upya kwa gharama ya kampuni.

Funzo lake ni rahisi: kuna kazi zinazoonekana siku zote, kama rangi na milango, na kuna kazi zinazofunikwa, kama msingi, vyuma na mabomba. Ufuatiliaji unaokuja baada ya kufunikwa umechelewa. Injinia anapaswa kuwepo kabla ya betoni kumwagwa, na kama hawezi, awepo mtu wa karibu anayejua cha kutazama.

Ukaguzi hauwezi kuziba nafasi

Nchi hii imelipa ghali kwa kuchanganya ufuatiliaji na ukaguzi. Bustani ya kilimo ya Bukanga Lonzo, katika jimbo la leo la Kwango, ilizinduliwa mwaka 2014 kwa ahadi ya kulisha Kinshasa. Mwaka 2017 kazi zilisimama. Ripoti ya Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ilitoka mwaka 2020, ikisema kwamba kati ya dola milioni 285 zilizotolewa, milioni 205 zilipotea. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Augustin Matata Ponyo, ambaye amekana mashtaka siku zote.

Hesabu miaka: kutoka kuzinduliwa hadi ripoti, 6, hadi hukumu, karibu 11. Mkaguzi hufika baada ya mavuno kuoza, anahesabu hasara na kutafuta mwenye kosa. Anayefuatilia anatakiwa kukaa kando ya shamba, apige kelele mbegu ya kwanza isipoota.

Si kila kuchelewa ni wizi

Haki itendeke pia kwa wajenzi. Mashariki mwa nchi, lori la simenti linaweza kulala wiki nzima kwenye matope. Mvua husimamisha kazi. Bei hupanda baada ya mkataba kutiwa sahihi. Vita navyo vimekata barabara: tangu waasi wa AFC/M23 kuingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mstari wa mapigano umekuwa ukuta kati ya ofisi na shantie nyingi.

Hapo ndipo daftari linamsaidia hata mjenzi mwaminifu. Kama siku 22 za mvua zimeandikwa siku kwa siku, anaweza kuomba muda zaidi na kupewa. Kama hazikuandikwa, anabaki na maneno matupu. Na anayesingizia mvua wakati jua liliwaka, daftari hilohilo linamkana.

Raia ana nafasi gani?

Katika maeneo ya migodi, sheria imekwisha kutoa jibu. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa, na itie sahihi daftari la masharti pamoja nazo. Wakaaji wana wawakilishi katika kusimamia pesa hizo na katika kufuatilia ahadi. Lakini mwakilishi asiyepewa mkataba, ramani na bei anakaa kwenye kikao kama mgeni kwenye harusi: anakula, anapiga makofi, anarudi nyumbani.

Kwa hiyo, bango likisimamishwa mtaani kwako, kuna mambo matano ambayo kamati ya wazazi, shirika la raia au kiongozi wa kijiji anaweza kudai bila kuwa injinia. Kazi imekubaliwa kwa bei gani na kwa miezi mingapi? Ramani iko wapi, tuione? Nani ni injinia wa udhibiti, na anapita siku gani? Malipo yanafuata hatua zipi? Na nani atakuwepo siku ya kupokea jengo?

Swali la mwisho lina uzito. Kwa kawaida jengo hupokelewa mara mbili: kwanza kwa muda, kisha moja kwa moja, mara nyingi baada ya mwaka mmoja. Katika mwaka huo, kampuni inabaki na deni la kurekebisha kasoro. Wakaaji wasiojua hilo hushangilia siku ya kwanza, na paa likianza kuvuja msimu wa mvua unaofuata, wanachangishana kununua manjanja ambayo hawakupaswa kuyalipia.

Tulipoondoka shuleni, vyumba vinne vilikuwa na paa, viwili bado. Muda wa mkataba ulikuwa umepita kwa miezi miwili. Mwalimu mkuu hakusema mradi umefaulu. Alifungua daftari la pili, akatazama lori lililokuwa likishusha mzigo, akaandika tarehe, kisha akaanza kuhesabu mifuko.