UZI: Ukuta wa kiwanda ukianguka, nani alaumiwe?

1/ Wadau, mvua ikiangusha ukuta wa kiwanda, mjadala huwa ule ule. Huyu anasema, "Kaunti imelala." Yule anajibu, "Hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa." Sisi tunarushiana maneno, mwenye kiwanda ametulia tuli. Ngoja niwaeleze.

2/ Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye godauni moja Nairobi. Kila masika tulipanga ndoo chini ya paa. Bosi alisema ni kuvuja kidogo tu. Kumbe gata zilikuwa zimeziba, maji yanashukia ukutani. Siku moja kipande cha ukuta kikaanguka pale tunapokula chakula cha mchana. Bahati ilikuwa asubuhi, hakukuwa na mtu.

3/ Ukaguzi si kusimama getini na kupiga picha. Juu unaangalia kutu kwenye misumari, mabati yaliyolegea, gata, na vyuma vinavyobeba paa kama vimepinda. Nje unaangalia nyufa, unyevu, na ukuta uliofura. Ufa unawekewa alama na tarehe, kisha unarudi kuupima. Ukipanuka, itwe injinia, si fundi wa kupaka rangi.

4/ Na usimtume tu kijana apande juu. Zile karatasi za plastiki za kuingiza mwanga huchakaa kwa jua. Akizikanyaga, anatua sakafuni. Paa likiwa la asbesto, lisivunjwe wala kusuguliwa ovyo, maana vumbi lake huleta saratani.

5/ Sasa sheria. Katiba imeipa serikali ya kitaifa viwango vya kazi, na kaunti mipango ya miji na zimamoto. Kwa hivyo wote wawili wana sehemu yao. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaanza na mwenye mahali pa kazi: lazima pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12. Ripoti anapewa yeye, na nakala inatumwa kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Hapo "hatukujua" inaishia.

6/ Kwa hivyo kwenye mjadala ujao, uliza maswali matatu tu. Ripoti ya mwisho ni ya lini? Ilisema nini kuhusu paa na kuta? Nani alirekebisha? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu.

7/ Mwanasiasa akikujibu kwa kutaja mpinzani wake, jua hajajibu. Mwambie alete ripoti.

Je, kazini kwako paa linavuja? Ushawahi kuonyeshwa ripoti? Niambie hapo chini, bila kutaja jina la kampuni.