Mgeni wa Kilwa Kisiwani anakula wapi?

MGENI anayevuka asubuhi kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, mara nyingi hurudi ng'ambo mchana akiwa na picha nyingi na njaa. Amelipia kibali, chombo na mtu wa kumwongoza. Chakula atakila Masoko, na huenda samaki atakayewekewa mezani amevuliwa na watu wa kisiwa kilekile alichotoka.

Hapo ndipo mkulima na mvuvi wa Kisiwani wanapopunjika, kwani fedha za magofu haziwafikii moja kwa moja wakati fedha za sahani ya chakula zinaweza kuwafikia siku hiyohiyo.

Kisiwa hiki hakijaanza leo kupokea wageni. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu sana mji wake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Cha kuchekesha ni kwamba msafiri huyo, aliyeeleza kwa kirefu wali wa samli, ndizi za maziwa na achari ya malimau aliyokula Mogadishu, hakuacha maelezo ya namna hiyo kuhusu mapishi ya Kilwa.

Hata hivyo, mapishi yapo. Ukishuka pwani penye Gereza na kuupita Msikiti Mkuu, njia za miguu zinakupeleka katikati ya nyumba za makuti, minazi, mibuyu na vishamba vya muhogo, huku mbuzi wakikatiza. Njia nyingine inafuata ukingo wa mikoko hadi Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Wageni wengi huyapita mashamba hayo haraka kama vile si sehemu ya safari.

Kumbe humo ndimo kinamotoka chakula cha pwani ya Lindi. Muhogo hukatwa, hukaushwa ukawa makopa, kisha hutwangwa unga wa ugali. Majani yake ni kisamvu, kinachotwangwa, kuchemshwa vizuri na kutiwa tui zito. Mbaazi hupikwa kwa nazi. Pweza hupigwapigwa kwanza ili alainike, ndipo achemshwe na kuungwa. Na anayeendelea na safari hadi Lindi mjini asiache kuulizia ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa pilipili na limau.

Hesabu ya sahani

Chukua mfano, bei zikiwa za kukadiria tu. Kilo moja ya pweza ikiuzwa mbichi kwa sh 8,000, biashara imekwisha. Ikipikwa, hupungua sana, lakini yaweza kutoa sahani tatu pamoja na ugali na kisamvu. Kila sahani ikiuzwa sh 7,000, zinapatikana sh 21,000. Ondoa sh 8,000 za mvuvi, na sh 6,000 za nazi, unga, viungo na kuni. Mpishi anabaki na sh 7,000, mvuvi hajapunjwa, na mwenye minazi naye ameuza.

Hesabu hiyo huharibika mgeni asipotokea. Pweza bila barafu hafiki kesho, na mama aliyewasha moto tangu alfajiri hana wa kumdai. Ndiyo maana chakula hakipikwi kwa kubahatisha, na mgeni asiyekikuta hudhani hakipo.

Ufunguo anao nahodha. Yeye na mwongozaji wanajua tangu jioni ni watu wangapi watavuka kesho. Simu moja na malipo ya awali vingetosha. Kwa kweli nahodha naye atataka chake, na hakuna ubaya. Afadhali kiwango kitajwe waziwazi mapema kuliko kugombana ufukweni mbele ya wageni.

Jambo jingine ni maji. Wachokoaji humpata pweza kwa wingi wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, miamba inapokuwa wazi. Maji mafu yakiingia, pweza huadimika. Kwa hiyo mpishi asimwahidi mgeni pweza kila siku. Amwambie kilichopo, awe samaki wa kuchoma au mbaazi. Mwezi wa Ramadhani nao una taratibu zake, na mgeni aelezwe kabla ya kupanda chombo.

Barabara pia ina neno. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, liliipunguzia kusini adha ya kivuko, lakini Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ndani ya wilaya ya Kilwa. Siku kama hizo mgeni wa barabara hafiki hata kama alishaagiza. Mpishi anayeanza afadhali aanze na muhogo, kisamvu na mbaazi kavu, na pweza amnunue siku ambayo fedha za mgeni zimeshapokewa na chombo kimeonekana kinatoka Masoko.