Jicho Vivu na Hamu ya Kuivua Miwani

Mzazi aambiwaye kwamba mwanawe wa miaka minne ana kasoro ya kuona mbali, na kwamba jicho lake moja ni vivu, aghalabu huyapokea maneno hayo kwa utulivu, maana hamna damu wala uchungu ndani yake. Lakini inapotajwa miwani uso hubadilika, na swali la kwanza limtokalo si la maradhi bali ni la dawa: ataivua lini? Swali hilo ni la haki wala sina nia ya kulidharau, kwa kuwa miwani ina gharama, huvunjika, hupotea, na watoto wenziwe hawaoni haya kumpachika mtoto jina kwa ajili yake. Nitajaribu kulijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lake fupi, kwamba huenda akaivua lakini sharti kwanza aivae barabara, limesemwa mara nyingi katika vyumba vya matabibu bila ya kumridhisha mtu.

Jicho la mtoto mchanga ni fupi. Urefu wake tangu konea, yaani kioo cha mbele, hata retina, yaani utando wa nyuma upokeao nuru, ni milimita 17 hivi, ilhali la mtu mzima hufika 24 au karibu yake. Na kwa sababu ya ufupi huo nuru iingiayo hutaka kukutana nyuma ya retina, si juu yake, hata ikawa watoto wengi mno huzaliwa na kasoro ya kuona mbali ya kiasi cha dayopta 2 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), ambayo hupungua pole pole jicho linapokua na sehemu zake zinapopatana. Kwa wengine makuzi hayo husimama njiani. Upungufu wa milimita moja tu katika jicho la mtu mzima huacha kasoro ya takriban dayopta 3, na hakuna zoezi lijulikanalo liwezalo kulirefusha jicho kwa milimita hiyo moja. Walakini maumbile hayakumwacha mtoto bila ya silaha: lenzi iliyomo ndani ya jicho lake ni laini, na msuli mdogo uizungukao ukijikaza lenzi hufura, nguvu yake huzidi, na nuru huvutwa mbele mpaka ikatua mahali pake. Mtoto mwenye dayopta 3 za kuona mbali aweza kuishi hivyo mchana kutwa, akasoma herufi zote za ubao wa kupimia macho ulio ukutani mwa darasa, akasifiwa kwa macho yake mazuri, ilhali msuli wake haupumziki tangu anapoamka hata anapolala.

Taabu hutokana na desturi mbili za msuli huo. Ya kwanza ni kwamba haujikazi peke yake: kila ukijikaza, macho nayo huelekea ndani upande wa pua, kwa kuwa ubongo umeyafunga mambo haya mawili kwa amri moja, basi mtoto alazimikaye kujikaza hata kwa kutazama mnazi ulio mbali huweza kupata macho yaliyoingia ndani kupita kiasi, na hayo ndiyo makengeza ambayo Franciscus Donders, tabibu wa Utrecht huko Uholanzi, aliyahusisha na kuona mbali katika kitabu chake cha mwaka 1864, ikadhihirika ya kuwa miwani peke yake yaweza kuyanyosha macho ambayo mtu angedhani hayana dawa ila kisu.

Ya pili ni kwamba misuli ya macho mawili hupokea amri ya kiasi kimoja. Chukua mtoto ambaye jicho lake la kulia lina dayopta 1 na la kushoto lina 4. Jicho la kulia likisha kuona vizuri, ubongo hautaki nguvu zaidi, na jicho la kushoto huachwa na upungufu wa dayopta 3 katika kila kitu: katika uso wa mamaye aliye karibu, katika kitabu kilicho mapajani, katika jahazi lililo baharini. Mwenziwe ambaye jicho lake moja linaona karibu tu ana nafuu hapa, maana jicho hilo litapata angalau vitu vya mkononi vya kuviona bayana. La huyu halipati hata kimoja. Fauka ya hayo, kwa kuwa macho yake yamenyoka, hapana jirani wala mwalimu atakayetambua, na wengi wa watoto hawa hugunduliwa siku jicho zuri lilipofunikwa kwa bahati tu, katika mchezo au kwa kuingia mchanga.

Ubongo wa mtoto ukiletewa taswira mbili zisizolingana, moja safi na moja ya ukungu, hufanya kama kadhi mwenye mashahidi wawili, mmoja fasaha na mmoja mwenye kigugumizi: humsikiliza wa kwanza, na baada ya muda hamwiti tena wa pili. David Hubel na Torsten Wiesel walilithibitisha jambo hili kwa watoto wa paka katika miaka ya 1960, walipozifunga kope za jicho moja katika wiki za mwanzo za uhai. Jicho lilipofunguliwa lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zilizopasa kulitumikia zilikuwa zimehamia kwa jicho la pili, na paka wazima waliofanyiwa vivyo hivyo hawakupata dhara hilo. Kwa kazi hiyo walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1981. Uvivu basi haumo katika jicho lenyewe, na ndiyo sababu mwenye jicho vivu akipewa lenzi sahihi kabisa hasomi mistari ya chini ya ubao siku hiyo hiyo, akatoka na kusema kwamba miwani haimfai.

Kipimo kinachostahili kuitwa kipimo kwa mtoto wa namna hii ni kile kifanywacho baada ya kutiwa matone yaulazao msuli ule wa lenzi, kwa maana bila ya matone mtoto huificha kasoro yake pasipo kujua, na mashine ya dukani itatoa namba iliyo pungufu. Hospitali zenye idara za macho, mathalani KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam na Mnazi Mmoja ya Unguja, ndiko pa kukitafuta. Kisha huja miwani, ivaliwe tangu asubuhi hata kulala, wala si ya shuleni tu. Na hapo ndipo ajabu ambayo wazazi wachache huiamini, ya kwamba miwani peke yake ni dawa ya jicho vivu. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2006, watoto wa kati ya miaka 3 na 7 ambao macho yao yalitofautiana kwa nguvu walipewa miwani bila ya tiba nyingine, na zaidi ya robo yao wakapona uvivu kabisa. Maendeleo hayo huendelea kwa wiki 16 hadi 18 au zaidi, nayo hayataki kitu illa subira.

Wasiopona kwa miwani huongezewa kitambaa cha kuliziba jicho zuri. Tiba hii ni kongwe: husimuliwa kwamba Thabit bin Qurra, mwanachuoni wa Harran aliyefariki Baghdad mwaka 901, aliinasihi kwa wenye makengeza, na Buffon wa Ufaransa akaiandikia mwaka 1743. Jambo jipya ni kujua kiasi chake. Zamani watoto walizibwa mchana kutwa, wakalia, wakakipasua kitambaa, wakakuzwa katika vita na mama zao. Tangu mwaka 2003 imejulikana kwamba kwa uvivu wa wastani saa 2 za kila siku hufaa sawa na saa 6, na mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imekwisha bainika ya kuwa tone la atropini katika jicho zuri, liliharibulo kuona kwake kwa karibu kwa muda, huleta natija iliyo karibu sawa na ya kitambaa. Namwomba mzazi asiende kutafuta atropini porini, ingawa mnanaha wa vichakani mwetu unayo. Ni sumu, na kipimo chake hakijulikani kwa kukisia. Michezo na filamu zitazamwazo kwa miwani maalumu, ambapo jicho vivu huonyeshwa picha kali na zuri huonyeshwa iliyofifishwa, zinaanza kupata nafasi yake, lakini katika majaribio kadhaa hazikukishinda kitambaa, kilicho rahisi kuliko vyote.

Umri nao una hukumu yake, japo si kali kama tulivyofundishwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2005, watoto wa miaka 7 hadi 12 waliopewa miwani pamoja na kuzibwa jicho na matone walipata nafuu takriban nusu yao, na miongoni mwa waliobalehe, wale ambao hawakupata kutibiwa hapo kabla walikuwa na matumaini makubwa kuliko wenzao. Asiambiwe basi mzazi wa mtoto wa miaka 9 kwamba wakati umekwisha. Walakini tiba ikikatwa ghafla, takriban robo ya watoto hurudi nyuma katika mwaka wa kwanza.

Sasa nije kwa wale waahidio kuiondoa miwani kwa mazoezi. Bwana wao ni William Bates, tabibu wa New York, aliyetoa kitabu chake mwaka 1920 akidai kwamba kasoro zote za macho hutokana na mkazo, na kwamba jicho hujirekebisha kwa misuli ya nje iligeuzayo, si kwa lenzi. Mwandishi mashuhuri Aldous Huxley akamsifu mwaka 1942, na sifa za mwandishi hodari zina nguvu kuliko ushahidi. Madai hayo yalikuwa yamekwisha jibiwa zaidi ya karne moja kabla ya Bates kuyaandika, kwa kuwa Thomas Young wa Uingereza mwaka 1801 alilizamisha jicho lake mwenyewe katika maji, konea ikapoteza nguvu zake, naye akaendelea kubadili kuona kwake baina ya mbali na karibu. Na yeyote aliyetiwa matone ya kupimia anao ushahidi wake: misuli ya nje hugeuka huku na huku kama kawaida, ila maandishi ya karibu hayasomeki. Kuyafunika macho kwa viganja na kupumzika si dhambi. Dhambi ni kumvua miwani mtoto wa miaka mitano kwa ajili ya viganja hivyo, maana miaka ile ndiyo ambayo ubongo wake ungali unafundishika.

Je, hakuna njia ya kweli? Ipo, tena zaidi ya moja, nazo zote huja baadaye. Kasoro ndogo huweza kupungua jicho likikua, na tabibu mwenye kumfuatilia mtoto kila baada ya miezi kadhaa aweza kuishusha nguvu ya lenzi kidogo kidogo, akitazama kila mara kama makengeza hayarudi na kama jicho vivu halishuki. Baadhi ya watoto huiaga miwani wakiwa vijana, na wenye dayopta nyingi, mathalani 5 na kuendelea, kwa kawaida hawaiagi. Hata aliyeiaga atarejeshewa ya kusomea akipita miaka 40, kwa kuwa lenzi hukakamaa kwa watu wote, na mwenye kuona mbali hutangulia wenziwe katika safari hiyo. Lenzi za kubandika juu ya konea hufaa kwa kijana msafi wa mikono, hasa pale ambapo macho yake yametofautiana mno.

Leza, ambayo vijana huiulizia kuliko yote, haifanywi kwa jicho lingali likikua, na kwa wenye kuona mbali mipaka yake ni myembamba kuliko kwa wenye kuona karibu: zaidi ya dayopta 4 hivi matabibu wengi husita, na sehemu ya faida huweza kupotea katika miaka ifuatayo. Tena humwondolea mtu lenzi tu. Jicho ambalo kwa miwani husoma mstari wa nne wa ubao halitasoma wa nane kwa leza. Kwa mtu wa namna hiyo, ambaye jicho lake moja ndilo lichukualo kazi yote, nasaha yangu huwa kinyume cha alichokuja kukitaka: hata kama kasoro ya jicho lake zuri ni ndogo kiasi cha kutohitaji kitu, avae miwani ya lenzi za polikaboneti zisizopasuka, akiwa karakana, shambani, uwanjani au juu ya pikipiki.