Kabla ya Kusasisha Simu Yako: Somo Kutoka kwa Kompyuta ya 1992

Ujumbe unatokea kwenye skrini: kuna toleo jipya la mfumo. Wengine hubonyeza kukubali bila kusoma. Wengine huahirisha miezi na miezi wakihofia kupoteza pesa. Leo tunakuonyesha njia ya katikati, na mfano tunauazima kwa watu waangalifu sana: wale wanaotunza kompyuta za nyumbani za zamani.

Chukua Amiga 1200. Commodore ya Marekani ilianza kuiuza mwaka wa 1992, ikiwa na memori ya MB 2 tu. Kampuni hiyo ilifilisika 1994, lakini zipo mashine zake zinazowaka mpaka leo, na bado zinaundiwa mfumo mpya. AmigaOS 3.1.4 ilitoka 2018, kisha 3.2 ikafuata 2021. Faida ipo: mfumo wa awali ulisumbuka na diski zinazozidi GB 4, huu mpya unazimudu.

Tatizo ni kwamba kwa Amiga, kusasisha si kubonyeza tu. Sehemu ya msingi ya mfumo, iitwayo Kickstart, imeandikwa ndani ya chipu mbili. Ukitaka toleo jipya kabisa, unafungua mashine, unatoa chipu za zamani na kuchomeka mpya. Soketi ina matundu 42, chipu ina miguu 40. Ukikosea nafasi halafu uwashe, unaweza kuiunguza. Basi wenye mashine hizi hufanya nini? Hebu tuangalie.

1. Wanahifadhi nakala kwanza. Kila kitu kilicho kwenye diski kinakiliwa kando. Kwako wewe, hizo ni namba za watu, picha, na jumbe za malipo unazoweza kuhitaji kama ushahidi, kwa mfano ile ya kodi ya nyumba ama karo.

2. Wanajaribu pembeni. Programu kama WinUAE huigiza Amiga ndani ya kompyuta ya kisasa, kwa hivyo mfumo mpya unajaribiwa bila kugusa mashine yenyewe. Kama una simu mbili, anza na ile isiyo na laini ya pesa. Kama ni moja, usisasishe asubuhi ambayo unangoja kulipa wateja au wafanyakazi.

3. Wanahakikisha toleo ni la mashine yao. Chipu za Amiga 500 si za Amiga 1200. Kwa simu, sasisha mfumo kupitia mipangilio ya simu yenyewe, na programu kupitia Play Store ama App Store. Usiwahi kupitia kiungo ulichotumiwa.

4. Hawakatizi kazi katikati. Chaji simu vizuri, iache kwenye umeme, na usiizime mpaka imalize.

5. Wanakagua baadaye. Amiga ikiwaka hujipima yenyewe. Skrini ikigeuka nyekundu, kuna hitilafu kwenye Kickstart. Wewe nawe jipime: angalia salio, kisha tuma kiasi kidogo kwa mtu unayemjua kabla ya kutuma kikubwa.

Kuna tofauti moja ya kuzingatia. Mwenye Amiga huweka zile chipu za zamani kwenye droo. Mambo yakiharibika, anazirudisha. Simu nyingi hazikuruhusu kurudi nyuma kirahisi baada ya kusasisha mfumo. Ndiyo maana hatua za mwanzo zina uzito zaidi kwako kuliko kwake.

Je, pesa zangu zinaweza kupotea?

Hapana. Pesa zako haziko ndani ya simu wala ndani ya programu. Salio lako limeandikwa kwenye mitambo yetu. Hata simu ikikataa kuwaka, weka laini yako kwenye simu nyingine na utapata huduma kupitia menyu ya laini, hata kama ni kabambe.

Hatari ya kweli iko kwingine: mtu anayekupigia akisema akaunti yako itafungwa usiposasisha sasa hivi, halafu anakuomba PIN ama anakutumia kiungo. Kusasisha hakuhitaji PIN yako kusomwa kwa mtu yeyote, hata akisema ni mhudumu wetu. Kata simu hiyo, kisha utufikie kupitia namba yetu rasmi ya huduma kwa wateja.

Lakini pia usikae na mfumo wa zamani milele. Amiga iliyo sebuleni haibebi pesa za mtu. Simu yako inabeba njia ya kufikia zako. Matoleo mapya huziba mianya ambayo wezi wanaijua tayari. Kwa hivyo chagua jioni tulivu, hifadhi nakala, chaji simu, kisha sasisha.