Kinachofanya muziki ukatikekatike ukitoka kwenye tarakilishi kwa waya wa USB

WAGENI wamejaa hemani, maharusi wameinuka kucheza na mchezaji santuri amebonyeza wimbo uliosubiriwa tangu asubuhi. Kabla ya ubeti wa kwanza kumalizika, sauti inakatika kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho, inarejea, kisha inakatika tena.

Watu wanageuka kuzitazama spika. Mwenye mitambo anatikisa waya huu na ule, anazima amplifaya na kuiwasha upya, lakini wapi!

Jioni malipo yake yanapunguzwa, na keshoye anaonekana katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, akiulizia bei ya amplifaya nyingine. Mara nyingi fedha hizo huwa zimetupwa, kwani kasoro haikuwa kwenye amplifaya wala kwenye spika.

Ilikuwa baina ya tarakilishi na kile kijisanduku kidogo, yaani kadi ya sauti ya nje, ambacho hupokea muziki kupitia waya wa USB na kuugeuza kutoka hali ya tarakimu hadi mawimbi ya umeme yanayoweza kusukuma spika.

Tatizo hili si la wachezaji santuri pekee. Huwasumbua pia wanaorekodi kwaya kanisani, watangazaji wanaofanyia kazi nyumbani na hata yule ambaye anachotaka ni kusikiliza taarab akiwa sebuleni.

Wengi hudhani kwamba muziki hukatika kwa sababu waya wa USB haumudu wingi wa data. Hesabu inakanusha dhana hiyo. Muziki wa kiwango cha diski ya CD huwa na sampuli 44,100 kwa kila sekunde, kila sampuli ikiwa ya biti 16, kwa mikondo miwili ya kushoto na kulia. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde.

Mfumo wa USB uliozinduliwa mwaka 1996 tayari ulikuwa na uwezo wa kupitisha biti milioni 12 kwa sekunde, na toleo la pili la mwaka 2000 likaongeza kasi hiyo hadi biti milioni 480. Njia ni pana, tena pana mno. Kinachokosekana ni kufika kwa wakati.

Mtu anaponakili faili kutoka tarakilishi hadi diski ya flashi, kila furushi la data hukaguliwa. Likiharibika njiani hutumwa tena, na mwenye faili hajui kwamba lolote lilitokea. Muziki hausafirishwi hivyo. Mafurushi yake hutumwa kwa ratiba isiyobadilika, na lililoharibika au kuchelewa halirudiwi, kwa kuwa zamu yake imekwisha pita.

Ni mithili ya matatu inayoondoka stejini kila baada ya muda uleule, iwe imejaa au haina abiria hata mmoja, jambo ambalo msafiri wa Nairobi hajawahi kulishuhudia. Kwa vifaa vingi vya kawaida safari hiyo hufanyika mara 1,000 kwa sekunde, kila moja ikibeba sampuli 44 na, mara moja katika kila safari kumi, sampuli 45. Gari likiondoka tupu, msikilizaji husikia kimya au mlio mkali wa "tap".

Ili kujikinga, tarakilishi huweka akiba ndogo ya muziki uliotayarishwa mapema, ambayo mafundi huiita bafa. Akiba ya sampuli 256 hutosha kwa takriban milisekunde sita tu. Ya sampuli 2,048 hufikia milisekunde 46. Prosesa ikishughulishwa na kazi nyingine kupita muda huo, akiba hukauka na muziki hukatika.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwani hutazama kipimo cha kazi ya prosesa, wakaona imetumika kwa asilimia kumi pekee, na kuhitimisha kwamba tarakilishi haina lawama. Lakini kipimo hicho ni cha wastani. Kazi moja iliyoishikilia prosesa kwa milisekunde ishirini bila kuiachilia haionekani kwenye wastani wa sekunde nzima, ilhali masikio huisikia papo hapo.

Mhalifu anayejulikana zaidi katika tarakilishi zinazotumia Windows ni programu-endeshi ya waifai, ile inayoiwezesha mashine kuwasiliana na mtandao bila waya. Baadhi ya programu-endeshi hizo huizuia prosesa kwa muda mrefu kila zinapotafuta mitandao iliyo karibu. Jaribio lake ni jepesi: zima waifai, cheza wimbo ambao umo ndani ya tarakilishi, kisha sikiliza kwa dakika kumi. Muziki ukitulia, mwizi amepatikana, na dawa yake ni kutafuta toleo jipya la programu-endeshi hiyo.

Kwa anayetaka ushahidi zaidi, kuna programu iitwayo LatencyMon ambayo huonyesha ni programu-endeshi ipi inayochelewesha nyingine. Ni afadhali kuitumia kuliko kufutafuta vitu kwa kubahatisha.

Hata hivyo, kabla ya kuigusa mipangilio yoyote, kuna swali la kutangulia: je, ni USB kweli? Wimbo unaotiririshwa kutoka intaneti hukatika pia mtandao unapolegea, na hilo halihusiani kamwe na waya. Aidha, wimbo uleule uchezwe kwa spika za ndani za tarakilishi. Ukikatika huko nako, kijisanduku cha nje hakina hatia.

Fundi mwenye uzoefu pia husikiliza mwendo wa kukatika kwenyewe. Sauti inayokatika waya unapoguswa huashiria kebo mbovu au tundu lililolegea. Inayokatika ovyo ovyo, hasa mtu anapofungua kivinjari au barua pepe, huashiria prosesa iliyocheleweshwa.

Kisha kuna ile inayokatika kwa utaratibu, kwa mfano kila baada ya dakika saba, bila kukosea. Hiyo mara nyingi ni saa mbili zisizopatana. Tarakilishi ina saa yake, kijisanduku nacho kina yake, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 katika kila milioni, tofauti hiyo ni sampuli mbili na kidogo kwa sekunde. Akiba ya sampuli 1,000 itakauka au kufurika baada ya dakika saba na nusu hivi.

Vifaa vilivyoundwa vyema hukwepa mtego huu kwa kuiambia tarakilishi iharakishe au ipunguze mwendo kidogo ili kuifuata saa ya kijisanduku. Kasoro hujitokeza zaidi mtu anapotumia vijisanduku viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha kurekodi na kingine cha kusikilizia. Kutumia kimoja kwa kazi zote mbili humaliza udhia.

Suala la umeme nalo lina uzito wake. Tundu la kawaida la USB la toleo la pili huruhusiwa kutoa miliampea 500. Wengi huchomeka kigawanyio cha matundu manne kisicho na chaja yake, kisha wakakibebesha kadi ya sauti, diski ya nje yenye nyimbo, kipanya na hata simu inayotiwa chaji. Umeme ukipungua, kadi ya sauti huzimika kwa nukta moja na kuwaka tena.

Inafaa kadi ya sauti ipewe tundu lake yenyewe, moja kwa moja kwenye tarakilishi. Isitoshe, kigawanyio kinaweza kuwa na mlango mmoja tu wa biti milioni 12 unaogawiwa vifaa vyote vya kasi ya zamani vilivyochomekwa humo.

Windows nayo, kwa nia njema ya kuokoa betri, huwa na kanuni inayoruhusu tundu la USB lizimwe likionekana halina kazi. Kanuni hiyo huondolewa kwenye mipangilio ya nguvu za umeme, na wakati uo huo mashine huwekwa katika hali ya utendakazi wa juu. Kipakatalishi kinachofanya kazi bila chaja, au kilicho juani ndani ya hema, hupunguza kasi ya prosesa chenyewe ili kisiishiwe na betri au kisiungue.

Kuhusu kebo, maneno ni mengi kuliko ukweli. Kebo ya USB ya toleo la pili haipasi kuzidi mita tano, na fupi ni bora. Kebo iliyovunjika ndani itaukata muziki bila shaka. Lakini kebo inayouzwa kwa maelfu ya shilingi kwa madai kwamba huufanya muziki uwe "mtamu zaidi" haina la kuongeza penye kebo nzima ya kawaida. Aliyeinunua ameinunua fahari.

Dawa ambayo hufanya kazi mara nyingi ni kuongeza akiba, kwa mfano kutoka sampuli 256 hadi 1,024, katika mipangilio ya kadi ya sauti au ya programu ya muziki. Kwa anayecheza nyimbo tu, ucheleweshaji wa milisekunde 23 hautambuliki. Kwa mwimbaji anayejisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni huku akirekodi, sauti yake humrudia ikiwa imechelewa na kumtatiza. Huyo hana budi kubaki na akiba ndogo na kuisafisha tarakilishi yake kwanza.

Vifaa vya kiwango kipya zaidi cha sauti kwa USB havikuwa vikitambuliwa na Windows bila programu-endeshi ya mtengenezaji, hadi toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2017. Kwa sababu hiyo, mwenye kipakatalishi cha zamani anapaswa kuhakikisha amepata programu hiyo kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

Kuna mambo mawili yanayodhaniwa kuwa ugonjwa huu ilhali sivyo. Kupotea kwa nusu sekunde ya mwanzo wa wimbo hutokana na kijisanduku kujinyamazisha kikibadili idadi ya sampuli, tuseme kutoka 44,100 hadi 48,000. Mngurumo usiokoma, unaotoweka chaja ya kipakatalishi inapochomolewa, nao hutokana na mzunguko wa umeme wa ardhini. Wapo wanaoukata mguu wa ardhini wa plagi ili kuuondoa mngurumo huo. Huko ni kuhatarisha maisha ya yeyote atakayeshika kipaza sauti.

Baada ya yote, kijisanduku kiunganishwe na tarakilishi nyingine kwa kebo nyingine. Muziki ukikatika huko pia, basi kasoro ni yake, na mara nyingi ni tundu la USB lililong'oka kidogo kwenye bodi kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila wikendi. Fundi mwenye chuma cha kulehemu risasi atalirudisha mahali pake kwa muda usiozidi saa moja.